Msanii alianzaje kuitwa mwongo?

Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukutana na neno hili mara mbili kwa siku moja. Asubuhi, kwenye mtihani wa Kiswahili, anaambiwa ajadili usanii wa mwandishi fulani: alivyopanga visa, alivyoteua lugha, alivyowajenga wahusika wake. Hapo usanii ni sifa, na mwenye jicho la kuuona ndiye apatae alama. Jioni anamweleza mama yake kwamba daftari la hesabu limebaki shuleni, ndiyo maana hajafanya kazi aliyopewa. Mama hata hageuki kutoka jikoni. "Acha usanii."

Neno ni hilo hilo, halikuongezwa silabi wala kupunguzwa. Wapo wanaolimaliza jambo hili kwa sentensi moja: maana ya pili ni ya mtaani, vijana wameharibu lugha. Mimi sikubaliani nao. Nina ndugu na marafiki wanaoishi kwa kazi ya sanaa, nimeona neno hili linavyowaumiza, na kwa sababu hiyo nimelifuatilia kwa muda. Kadiri ninavyolifuata nyuma ndivyo ninavyoona kwamba maana ya hila haikuletwa na wahuni wa vijiweni. Ilikuwamo ndani ya mbegu tangu mwanzo, ikingoja mvua.

Mbegu yenyewe ni ya Kiarabu. Ni mzizi wa herufi tatu, swadi, nuni na aini, unaobeba maana ya kutengeneza, kuunda kitu kwa mkono na kwa maarifa. Kwa Waarabu mzizi huu bado unanuka jasho la karakana. Sinaa kwao leo ni viwanda, kiasi kwamba ukisikia wizara ya sinaa katika nchi ya Kiarabu, ujue ni ya saruji na nguo, si ya waimbaji. Mwarabu akitaka kutaja sanaa kama tunavyoielewa sisi, husema fann, na msanii humwita fannan. Na maneno hayo nayo tunayo: fani, ile ya "fani na maudhui", na fanani, yule msimulizi wa fasihi simulizi anayekaa mbele ya hadhira.

Kwa nini basi sanaa ilipofika kwetu ikaacha karakana? Nadhani ni kwa sababu ilikuta pamekaliwa. Kazi ya mkono ilikuwa na mwenyewe, naye ni fundi, jina la Kibantu lenye undugu na kufunda na mafunzo. Fundi alikuwa ameshachukua useremala, uashi, ushonaji, hata uongozi wa ngoma na unyago. Sanaa ikabaki na kile ambacho fundi anakifanya kikapita mahitaji: nakshi ya mlango ambayo haizuii mwizi, lakini inamfanya mpita njia asimame.

Hapa nitoe tahadhari moja haraka, maana watu wengi huchanganya. Sanii na sanifu si ndugu, ingawa wanafanana sura. Sanifu, ya "Kiswahili sanifu" na "usanifu majengo", inatoka kwenye mzizi mwingine wa Kiarabu wenye maana ya kupanga na kuainisha. Mtu anayedai kwamba Kiswahili sanifu ni "Kiswahili cha usanii" anachekesha, lakini hana ushahidi.

Turudi kwenye mbegu. Anayesoma Kurani kwa makini ataukuta mzizi huu ukifanya kazi pande zote mbili. Katika sura ya Hud, Nuhu anaamrishwa aunde jahazi, na kitenzi ndicho hicho. Katika sura ya An-Naml, aya ya 88, milima inayopita kama mawingu inatajwa kuwa ni kazi ya Mwenyezi Mungu aliyekitengeneza kila kitu barabara, na neno la hiyo "kazi" linatoka hapo hapo. Kisha fungua sura ya Taha. Musa na Firauni wamepeana miadi siku ya sikukuu, watu wakusanyike wakati wa dhuha, jua likiwa limeshapanda. Wachawi wanatupa kamba na fimbo zao, na machoni pa umati zinaonekana zinakwenda. Musa anaambiwa atupe iliyo mkononi mwake wa kulia, itameza walivyoviunda, kwa kuwa walichokiunda ni hila ya mchawi tu. Walichokiunda: ni kitenzi kile kile cha jahazi la Nuhu.

Hebu uitazame tena picha hiyo. Kuna siku iliyopangwa, kuna umati, kuna vifaa, kuna watendaji waliofuzu, na kuna jambo linaloonekana ambalo silo. Watu wa Dar es Salaam wangekuwepo siku ile wasingehitaji tafsiri.

Waarabu wenyewe waliendelea na mzizi huo hadi wakapata tasannu', yaani kujitengeneza: kucheka bila kicheko, kuhuzunika bila huzuni, kuvaa mwendo usio wako. Na si wao peke yao. Kiingereza kina craft, ufundi, na kutoka humo kikapata crafty, mjanja wa hila. Mkono unaojua kutengeneza kitu cha kweli unajua pia kutengeneza kinachofanana na cha kweli, na lugha nyingi zimelitambua hilo kila moja kwa wakati wake.

Lakini bado hatujafika jukwaani. Maana ya mtaani ya usanii haizungumzii kazi ya mkono, inazungumzia onyesho. Na huko walitutangulia Wagiriki.

Wagiriki wa kale walimwita mwigizaji hypokrites, jina lililotokana na kitenzi cha kujibu au kufasiri. Lilikuwa jina la kazi, halikuwa tusi. Hata hivyo lilikuwa rahisi kuligeuza. Mwaka 330 kabla ya Kristo, Demosthenes na Aeschines, wanasiasa wawili wenye ndimi kali, walikabiliana mahakamani mjini Athens. Aeschines alikuwa amewahi kuigiza jukwaani ujanani, na Demosthenes hakuliacha lipite. Alimpiga nalo tena na tena: huyu ni mwigizaji, tena wa daraja la tatu. Hakuwa anahakiki sanaa. Alikuwa anawaambia wasikilizaji kwamba sauti ile nzuri wanayoisikia ilifundishwa kusema maneno ya watu wengine, basi waipime.

Miaka mia nne na kitu baadaye Injili zikaandikwa, kwa Kigiriki. Mathayo, sura ya 6, anawaonya wanaotoa sadaka huku wakipiga panda mbele yao katika masinagogi na njiani ili watu wawasifu. Anawaita hypokritai. Msomaji wa Kigiriki alisikia jukwaa ndani ya neno lile: panda, njia, watazamaji, makofi. Kutoka kwenye kurasa hizo neno likaingia katika lugha za Ulaya, na mpaka leo lipo, ingawa wengi wanaolitumia wamesahau kwamba wanamtaja mwigizaji.

Sasa angalia kilichotokea aya hiyo ilipoingia kwenye Kiswahili. Watafsiri waliandika "wanafiki", na walikuwa sahihi, hakukuwa na neno jingine bora. Ila mnafiki ametoka mahali pengine kabisa. Ni wa mzizi wa nafaq, njia ya chini ya ardhi. Wanaleksika, yaani watunga kamusi, wa Kiarabu wa zamani walimhusisha na panya mrukaji wa jangwani, ambaye huchimba shimo lenye mlango wa kuingilia, na upande wa pili huacha tabaka jembamba la udongo. Akivamiwa, hulipiga kichwa akatokea huko. Wapo wataalamu wanaoona neno lilipata maana yake ya kidini kupitia neno la Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, lenye wazo la kugawanyika, na hoja yao ina uzito. Lakini picha ya panya ndiyo iliyokaa vichwani mwa watu: mtu mwenye milango miwili.

Kwa hiyo pale ambapo Mathayo wa Kigiriki alimweka mwigizaji, Mathayo wa Kiswahili ana mnyama wa mashimoni. Wote wawili wanadanganya, lakini hawadanganyi kwa namna moja. Mnafiki hujificha. Mwigizaji hujitokeza, tena anataka mwanga. Kiswahili kilikuwa na jina la yule wa kwanza na hakikuwa na jina kamili la wa pili. Tulikuwa na mbwembwe, mikogo, madaha na kujishaua, maneno mazuri ya kujionyesha, ila hayana hila ndani yake. Mwenye mbwembwe anakupa unachokiona na anaongeza chumvi, basi. Tulikuwa na mazingaombwe na kiinimacho, lakini hayo ni ya macho zaidi kuliko tabia. Anayetengeneza onyesho zima la maisha ili akupitishie jambo, huyo tulikuwa tunamzungukazunguka.

Mbona basi hatukumwita mwigizaji tu? Tunamwita, mara moja moja: "hayo ni maigizo". Tatizo ni kwamba kuigiza kumetoka kwa kuiga, na anayeiga lazima awe na wa kumwiga. Mtu tunayemsema hapa haigi, anaunda. Anabuni mgonjwa ambaye hajawahi kuwepo, safari ambayo haikufanyika, mzigo ambao "umekwama bandarini". Hiyo ni kazi ya mzizi wa swadi, nuni na aini, na watu wakalichukua neno lake bila kumuuliza mtu.

Lilichukuliwa lini? Hadi miaka ya 1980, nchini Tanzania kila mtendaji alikuwa na jina lake. Mpiga gitaa wa bendi alikuwa mwanamuziki, mtunzi wa mashairi malenga, kiongozi wa ngoma Usukumani manju, na wa Umakondeni mchongaji. Msanii alikuwepo, lakini alikaa zaidi kwenye hotuba na nyaraka. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na Baraza la Sanaa la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Ni katikati ya miaka ya 1990, vituo binafsi vya redio na televisheni vilipoanza kurusha matangazo, ndipo neno liliposhuka mtaani. Vijana wa Bongo Fleva hawakuwa na bendi, wengi hawakupiga ala, na wapigaji wa muziki wa dansi, wale wa bendi, hawakutaka kuwagawia jina lao la mwanamuziki. Wakawa wasanii. Vikundi vya maigizo kama Kaole vikaingia sebuleni kwa watu kupitia televisheni, nao wakawa wasanii. Ghafla kila mtaa ulikuwa na msanii wake, na kila mama alikuwa na mtoto anayetaka kuwa msanii.

Neno halipindishwi likiwa kwenye nyaraka. Linapindishwa likishakuwa mdomoni mwa kila mtu. Miaka ya 2000 tayari "usanii" ulikuwa umezoeleka kwenye mikutano ya siasa na kurasa za magazeti, ukimaanisha ahadi isiyo na kitu ndani yake. Zahanati inafunguliwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa, gari likiondoka na dawa zinaondoka. Wananchi wakalitazama hilo na kusema: usanii mtupu. Hawakuhitaji kamusi iwape ruhusa.

Nilielewa neno hili sawasawa nikiwa kwa fundi cherehani, Ijumaa moja, nikiwa nimefuatana na shangazi yangu. Gauni lilikuwa la harusi ya kesho yake. Tulipokuwa hatua chache kutoka barazani, nilimwona fundi akituona. Alivuta futi akaivaa shingoni, akaweka chaki sikioni, akainama, na cherehani ikaanza kulia.

"Shikamoo mama. Yako ndiyo hii, naimalizia."

Shangazi hakuitikia. Alinyoosha mkono, akashika kitambaa kilichokuwa chini ya sindano, akakiinua taratibu kama mtu anayepima uzito wa samaki. Kilikuwa khanga ya mtu. Chake kilikuwa cha kijani, na kilikuwa kwenye mfuko ule ule wa nailoni aliokuja nao wiki mbili nyuma, umefungwa fundo lile lile alilolifunga yeye.

"Marahaba, mwanangu. Sasa acha usanii, nipe kitambaa changu."

Fundi hakuwa ametamka uongo zaidi ya sentensi moja. Yaliyobaki yote aliyafanya kwa mwili: vazi alilivaa, kifaa alikiweka sikioni, mlio ulikuwepo, mwendo wa mguu ulikuwepo. Alikuwa ametuandalia onyesho kamili kwa sekunde zisizozidi tano. Kilichokosekana ni kimoja. Sisi hatukuwa tumeambiwa kwamba ni watazamaji.

Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo maana yote ilipo. Usanii wa mtaani ni onyesho ambalo hadhira haijui kwamba ni hadhira. Fanani anayesema "Paukwa!" anangoja uitikie "Pakawa!" kabla hajaendelea, kwa sababu anaomba idhini yako akudanganye. Ukishaitikia, sungura anaweza kumpanda fisi mgongoni na hakuna atakayelalamika. Ukiiondoa "paukwa", ukaacha hadithi ianze bila kuomba, hadithi ile ile inageuka hila.

Ukiishika maana hiyo, maneno yanayokaa karibu yanajitenga yenyewe. Mwongo anatumia mdomo. Tapeli anataka mali, na akishaipata humwoni tena. Mnafiki ana mlango wa nyuma. Msanii wa mtaani anaweza asichukue hata shilingi yako, mara nyingi anachotafuta ni muda: umwache leo, uje kesho, uondoke umeridhika. Ndiyo maana neno linamkaa vizuri fundi na mwanasiasa, na halimkai jambazi. Ndiyo maana pia tunalisema kwa hasira iliyochanganyika na kicheko, kwa sababu ndani yake mna kukiri kwamba jamaa kajitahidi.

Sarufi nayo inasaidia kuzitenganisha maana mbili. Usanii wa sifa unakwenda na mwenyewe: usanii wa Shaaban Robert, usanii wa mchongaji huyu. Unaonyeshwa, unajadiliwa, unakua. Usanii wa hila unafanywa, unaletwa, unapigwa, na kwa kawaida hautaji mwenyewe: "mmeanza usanii", "huu usanii tu". Hata kiashiria kina siri yake. Gazeti likiandika "msanii huyo" linamrejelea mwimbaji aliyetajwa juu. Mtu akikuambia "huyo msanii", na sauti ikaangukia kwenye "huyo", funga pochi yako.

Maana hii ya pili ni ya Tanzania hasa. Kenya msanii amebaki zaidi na heshima yake, na kwa vituko vya wanasiasa magazeti ya huko yanapenda sarakasi. Mkenya anayesoma kwamba mkutano fulani wa Dar es Salaam "ulijaa usanii" anaweza kabisa kudhani kulikuwa na muziki mzuri.

Kinachonisumbua mimi ni bei ya neno hili na anayeilipa. Nilikuwa kwenye ujumbe wa posa wa binamu yangu, ambaye anaigiza na kikundi kimoja cha mtaani na hana kazi nyingine. Mshenga wetu, mzee mwenye lugha, alifika vizuri mpaka pale alipoulizwa shughuli ya kijana. Akasema kwa fahari, "Kijana wetu ni msanii."

Chumba kilinyamaza. Mama mmoja alijikohoza. Baba wa binti aliweka kikombe chini, akauliza kwa upole, na nilijua anauliza kwa sababu anampenda mwanawe, "Msanii wa aina gani, mzee mwenzangu?"

Mshenga aligundua kosa. Akaanza upya: kijana anafanya kazi ya sanaa, ni mwigizaji, ana kikundi, wanalipwa kwa onyesho. Nimeona tangu siku hiyo kwamba vijana wengi wanajitambulisha hivyo hivyo kwa kuzunguka. "Nafanya sanaa." "Niko kwenye muziki." "Mimi ni mwigizaji." Wanalikwepa jina lao wenyewe, jina ambalo limeandikwa kwenye vyeti vyao na fomu zao za usajili. Mtu anayefanya mazoezi ya miezi mitatu ili akuambie waziwazi kwamba anaigiza, ndiye anayebeba aibu ya mtu asiyekuambia. Sijui jinsi ya kulirudisha neno, na lugha hairudishwi kwa amri. Lakini naona ni dhuluma, na nikiwa na nafasi ya kuchagua, kwa yule wa mtaani nasema "mzushi" au "laghai", na la msanii namwachia binamu yangu.

Posa ilikubaliwa. Mwezi mmoja baadaye kikundi kilikuwa na onyesho kwenye ukumbi wa shule ya msingi, na mzee akaja, akakaa mstari wa mbele amevaa kofia yake ya viua. Binamu yangu siku hiyo alicheza sehemu ya fundi nguo asiyemaliza kazi. Alipoona mteja anakuja, alivuta futi akaivaa shingoni, akaweka chaki sikioni, akainama juu ya meza iliyokuwa tupu na kuanza kukanyaga hewa. Mzee alicheka mpaka kofia ikamtoka kichwani.